Sindano ya mashine ya santuri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na Malindi

Majibu haya ni kwa waliobaki na santuri za wazee wao, mashine ya kuzipigia, na sindano iliyochoka. Santuri nyingi za taarabu ya Pwani hazikuchapwa tena. Mfuo, ule mchirizi wa santuri unaobeba sauti, ukishachimbwa na sindano mbovu, sauti ile imekwenda, lakini sindano hubadilishwa. Ndiyo maana kila ushauri hapa unaegemea upande mmoja: linda santuri kwanza, halafu okoa katriji ikiwezekana.

## Mambo ya mwanzo

Katriji ni nini, na sindano ni ipi?

Katriji ni kile kidude kilichofungwa mwisho wa mkono wa mashine. Chini yake kimetokeza kijiti chembamba, mara nyingi cha alumini, na kwenye kichwa cha kijiti kumegandishwa chembe ya almasi. Almasi inafuata mfuo wa santuri, kijiti kinatikisika, na kule nyuma mtikisiko unageuzwa kuwa umeme mdogo sana. Pale kijiti kinapoingia mwilini mwa katriji pana kipete cha mpira kinachokishika na kukirudisha mahali pake.

Hapa chini, "ncha" ni ile almasi, "kijiti" ni kinachoibeba, na "mpira" ni kile kipete. Tofauti hii ina maana kwenye pesa yako, kwa sababu vitu hivi vitatu haviishi kwa pamoja.

Nitajuaje katriji yangu ni ya aina gani?

Shika kile kipande cha plastiki kinachobeba kijiti, ukivute taratibu kuelekea mbele. Kikichomoka, una katriji ya sumaku, ile inayoandikwa MM. Hiyo hainunuliwi ncha wala haitumwi popote: unanunua sindano nzima, unaichomeka mwenyewe. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, lakini sindano za kuingia kwenye katriji zao bado zinatengenezwa na wengine, wakiwemo JICO wa Japani.

Isipochomoka, usilazimishe. Huenda ni ya koili, MC, ambayo kijiti chake kimeungana na nyaya ndani. Hiyo ndiyo inayohitaji fundi wa ncha. Aina ya tatu ni za kristali na kauri, zilizofungwa kwenye mashine za zamani za boksi. Hizo zina jibu lake hapa chini, kwenye sehemu ya hewa ya Pwani.

Kupachika ncha mpya ni kufanya nini hasa?

Kuna kazi tatu tofauti, na mafundi huziita zote kwa jina moja, kwa hiyo uliza.

Ya kwanza ni kung'oa almasi iliyoisha na kugandisha mpya kwenye kijiti kilekile. Ya pili ni kukata kijiti na kuunganisha kipande kipya chenye ncha yake. Ya tatu ni kutoa kijiti chote na kuweka kingine, cha alumini, boroni au yakuti, pamoja na kubadilisha mpira. Kazi ya kwanza ndiyo inayohifadhi zaidi sauti ya asili ya katriji. Ya tatu inakupa karibu katriji mpya, ila sauti yake haitakuwa ileile, maana uzito na ugumu wa kijiti vimebadilika.

Katriji ya koili ikiwa na mpira mzima na almasi iliyoisha tu, dai kazi ya kwanza.

Sindano hudumu saa ngapi?

Inategemea umbo la ncha. Audio-Technica wanakadiria saa 300 kwa ncha ya yai, 500 kwa ncha ya duara, 800 kwa Shibata (umbo linalogusa ukuta wa mfuo kwa urefu), na 1,000 kwa zile nyembamba sana. Ortofon wanasema sindano iliyotunzwa inaweza kufika saa 1,000. Hesabu hizo ni za santuri safi na uzito sahihi wa mkono, yaani kiasi ncha inavyoikandamiza santuri.

Kwa upande mmoja wa santuri kubwa wa dakika 20, saa 300 ni pande 900. Kwa santuri ndogo ya mizunguko 45 yenye dakika 3 kila upande, ni pande 6,000. Weka daftari kando ya mashine, uchore alama kila upande unapomalizika. Masikio hayaaminiki katika hili, kwa sababu kuharibika kunakuja polepole na wewe unakuzoea.

Mashine nyingi za boksi zilikuja na ncha ya yakuti badala ya almasi. Yakuti huisha haraka mno. Kama hujui ni ipi, na mashine imepigwa na watu kwa miaka, chukulia kwamba imeisha.

## Kujua kama imeisha

Mwimbaji akitamka "s" na "sh" inakwaruza. Ni sindano au ni santuri?

Sikiliza mahali. Santuri inazunguka kwa kasi ileile, lakini mfuo wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Kwenye santuri kubwa ya mizunguko 33, ncha hupita kama sentimita 50 kwa sekunde pembeni, na kama 21 tu karibu na lebo. Kwa hiyo mawimbi ya sauti nyembamba yamebanana zaidi kule ndani, na ncha iliyolika haiwezi kuyafuata. Wimbo wa kwanza ukiwa safi na wa mwisho ukakwaruza, kwenye santuri zako zote, shuku ncha. Mikwaruzo ikiwa kwenye santuri moja tu, mwanzo hadi mwisho, santuri hiyo imekwisha kulika.

Fidla na "s" za mwimbaji wa kike ndizo kipimo kizuri kuliko udi.

Kabla ya kuhukumu, safisha ncha na pima uzito wa mkono. Mkono uliopungukiwa uzito unakwaruza vilevile.

Naweza kuiangalia kwa macho?

Kwa macho matupu unaona mambo mawili tu: kama ncha ipo, na kama kijiti kimepinda. Lenzi ya sonara itakuonyesha uchafu. Kuona kulika kwenyewe kunataka hadubini ya kukuza mara 200 hivi, na taa mbili, moja kila ubavu. Almasi nzima inarudisha mwanga kama nukta ndogo ya mviringo. Iliyolika ina bapa mbili zinazong'aa, moja kila upande, zenye kingo kali. Kingo hizo ndizo zinazochonga mfuo.

Kuna kibonge cha vumbi kwenye ncha. Nikitoe vipi?

Kwa brashi laini na kavu, kutoka nyuma kuja mbele, njia ileile santuri inayopita. Kamwe si ubavuni, na kamwe si kutoka mbele kwenda nyuma. Uchafu uliogandana unatolewa kwa kipande cha sponji nyeupe ya melamini, ile ya kusugulia kuta: kiweke juu ya sahani, teremsha ncha juu yake kwa wenzo wa mkono, iinue. Rudia, bila kusogeza kitu.

Spiriti itumike kidogo sana, kwenye ncha tu. Ikipanda kwenye kijiti inafika kwenye gundi na mpira.

Kwenye nyumba za mawe za Lamu kuna jambo la kuzingatia zaidi. Vumbi linaloanguka kutoka kwenye kuta na dari si unyoya wa nguo, ni chokaa na mchanga wa matumbawe, na linakwangua. Mashine iliyowekwa kwenye kidaka au chini ya boriti ikae na kifuniko, na santuri ifutwe kabla ya kila upande.

Upande mmoja umenyamaza. Ncha imeisha?

Hapana, ncha haiishi upande mmoja ikanyamazisha spika. Tafuta kutu. Zile pini nne nyuma ya katriji, na nyaya zinazochomekwa humo, hupata ukungu wa kijani huku kwetu. Chomoa waya mmoja mmoja kwa kibano, futa pini, rudisha. Kosa likibaki palepale, hamisha nyaya za kulia ziende kushoto. Ukimya ukihama, katriji ndiyo mbovu. Usipohama, tatizo liko kwenye mkono, waya wa nje au amplifaya, na fundi wa redio wa mtaani anatosha.

## Hewa ya Pwani

Katriji imekaa kwenye boksi miaka ishirini bila kupigwa. Si bado mpya?

Almasi ni mpya. Mpira huenda umekufa.

Hili ndilo linalowapotezea watu pesa nyingi kuliko lolote. Mpira unazeeka kwa muda, joto na hewa, upigwe usipigwe. Ukikauka, kijiti kinakuwa kigumu, ncha inarukaruka kwenye sauti kubwa. Ukilegea, mwili wa katriji unalala juu ya santuri. Fundi akipachika almasi mpya juu ya mpira wa namna hiyo, umelipia ncha ambayo haitafuata mfuo.

Jaribu hivi. Weka uzito sahihi wa mkono, teremsha ncha kwenye santuri usiyoijali, uangalie kwa ubavu, kisha kwa mbele. Tumbo la katriji lisiguse santuri. Kijiti kisielekee kushoto wala kulia kikilinganishwa na mwili. Kisha inua mkono: kijiti kirudi mara moja. Kikirudi kivivu, au kikibaki kimezama, mwambie fundi tangu mwanzo kwamba mpira nao unahitaji kubadilishwa.

Mashine ya boksi ya babu inazunguka vizuri lakini sauti ni ya kunong'ona. Ncha mpya itasaidia?

Haitasaidia. Katriji nyingi za mashine hizo zilitumia kristali ya chumvi ya Rochelle. Chumvi hiyo inavuta unyevu na kuyeyuka, na joto kali linaimaliza. Mwambao ni mahali pabaya kuliko pote kwake, kwa hiyo iliyokuja hapa miaka ya sitini, mategemeo ni madogo. Sauti hufifia, besi inakwenda kwanza, mwisho kimya.

Dawa ni kutafuta katriji ya kauri yenye umbo linaloingia mahali palepale. Kauri haijali unyevu kiasi hicho. Nyingi zina sindano ya kugeuza yenye ncha mbili, upande mmoja wa santuri za 33 na 45, upande wa pili wa 78. Angalia wenzo uko wapi kabla ya kuweka santuri.

Nihifadhi vipi katriji ya akiba?

Kwenye kikopo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Chumba chenye kivuli, mbali na bati na dirisha. Si ndani ya friji.

## Kumpata fundi na kutuma

Fundi wa saa au sonara hapa hapa hawezi?

Mkono wake ni mtulivu na lenzi anayo, kwa hiyo swali ni la haki. Lakini ncha ya yai au Shibata lazima igeuzwe ili bapa zake zikabili kuta za mfuo sawasawa, na isimame wima pande zote mbili. Kosa la nyuzi chache linasikika, na halionekani kwa lenzi yake. Tena almasi zenyewe, zilizokatwa tayari, haziuzwi dukani.

Hatari kubwa ni supagluu. Mvuke na majimaji yake huingia kwenye mpira na kuugandisha, na mafundi wengi wa ncha hukataa katriji iliyoguswa nayo. Sonara mwombe mambo mawili: akukagulie kwa lenzi, na akuazime mizani.

Nani anafanya kazi hii?

Hatumjui wa kumtaja Pwani. Majina yanayofahamika nje ni kama Soundsmith wa Marekani na Expert Stylus wa Uingereza, huyu wa pili akijulikana hasa kwa ncha za santuri za 78. Andika barua pepe kwanza, uulize kama wanapokea modeli yako na foleni ni ndefu kiasi gani. Kusubiri miezi ni kawaida.

Uliza pia mtengenezaji wa katriji. Baadhi yao wanapokea katriji iliyoisha ya koili na kukuuzia mpya kwa bei iliyopunguzwa.

Inafaa kulipia, au ninunue nyingine?

Jumlisha kazi ya fundi, usafirishaji wa kwenda na kurudi, na bima. Jumla ikizidi nusu ya bei ya katriji mpya ya kiwango kilekile, nunua mpya, isipokuwa kama modeli haitengenezwi tena na sauti yake unaipenda. Kwa katriji ya MM ya kawaida hesabu hii haina haja, sindano mpya ni rahisi daima.

Nichague ncha ya umbo gani?

Ya duara kama mashine ni ya kawaida na hupendi kurekebisha pembe: inasamehe makosa ya ufungaji. Denon DL-103, ya tangu miaka ya sitini, bado inatumia duara na watu wanaitafuta. Ya yai inasoma sauti nyembamba vizuri zaidi. Shibata na nyembamba nyingine zinagusa ukuta wa mfuo kwa urefu, na zina faida moja kubwa kwa santuri zetu: zinaweza kugusa sehemu ambayo sindano nzito za zamani hazikuifikia. Santuri ya 45 ya Mzuri, lebo ya Assanand wa Mombasa, iliyopigwa harusini kwa miaka, wakati mwingine hufufuka kwa ncha kama hiyo. Wakati mwingine inafichua makovu yote. Hujui mpaka ujaribu.

Kijiti cha boroni au yakuti ni kigumu na chepesi, lakini hakipindi, kinakatika. Nyumba yenye watoto, kaa na alumini.

Nifunge vipi ili ifike nzima?

Rudisha kifuniko cha sindano. Kama kimepotea, chukua kikopo kigumu cha plastiki, toboa matundu mawili kwenye mfuniko yenye umbali wa milimita 12.7 kati yake, na funga katriji kwa skrubu zake ikining'inia ndani, isiguse popote. Ziba na vifuko vya kukausha unyevu. Kikopo hicho kiwe ndani ya boksi kubwa lenye sponji pande zote sita.

Usizungushie pamba, wala shashi. Uzi mmoja ukinaswa kwenye ncha, anayefungua anavuta, kijiti kinatoka nao.

Ndani weka karatasi: jina na modeli, tatizo, kazi unayotaka kati ya zile tatu, umbo la ncha, uzito wa mkono unaotumia, na kwamba asianze kabla ya kukupa bei.

Kutoka Lamu kuna la ziada?

Kwa ndege kupitia Manda ni salama zaidi. Kwa boti hadi Mokowe kisha basi, funga boksi kwenye mfuko wa plastiki mara mbili kwa ajili ya maji ya chumvi, na mwombe kondakta asiliweke juu ya dashibodi. Jua la kioo cha mbele, kutoka Mokowe hadi Mombasa, linatosha kuumaliza mpira uliokuwa na uhai. Wa Malindi safari ni fupi, onyo ni lilelile.

Ikirudi kutoka nje nitatozwa ushuru?

Unaweza kutozwa juu ya thamani nzima, kama bidhaa mpya, ikiwa iliondoka bila karatasi. Kabla ya kutuma, eleza Forodha kuwa kifaa kinatoka kwa matengenezo na kitarudi, na ufuate fomu watakayokupa. Hifadhi picha inayoonyesha nambari ya katriji, na risiti ya kutuma. Fundi aandike kwenye ankara neno la matengenezo na bei ya kazi peke yake.

## Ikisharudi

Nianze na nini?

Nyaya. Nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Zichomeke kwa kibano. Usichomee lehemu kwenye pini za katriji, joto linapenya na kukata viungo vya ndani.

Kisha pembe, kwa karatasi ya kipimo iliyochapwa. Kabla ya kuiamini ipime kwa rula, maana printa hupunguza ukubwa bila kukuuliza. Karatasi za aina ya Baerwald zina nukta mbili, milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya sahani. Katriji ikae sambamba na mistari kwenye nukta zote mbili.

Uzito wa mkono nipime kwa mizani ya sonara?

Unaweza, ikiwa inasoma hadi mia ya gramu, kwa tahadhari mbili. Ncha inapopimwa iwe kwenye kimo cha santuri, kwa hiyo inua sahani ya mizani au tumia kijiko cha plastiki kinachotokeza chini. Pili, sahani ya chuma inavutwa na sumaku ya katriji na kukupa hesabu ya uongo, hata kuvunja kijiti. Plastiki kati yao, nene.

Fuata uzito aliotaja fundi. DL-103 ya asili inataka gramu 2.5, ikizidi au kupungua 0.3. Ukiwa na shaka, elekea upande wa juu wa kiwango hicho, bila kukipita. Mkono mwepesi mno unaifanya ncha irukeruke na kugonga kuta za mfuo, na huo ni uharibifu mkubwa kuliko sehemu ya kumi ya gramu iliyozidi.

Sauti imekuwa ndogo kuliko ya MM niliyokuwa nayo. Imeharibiwa?

Huenda iko sawa. Katriji ya koili hutoa kama milivolti 0.3, ya sumaku 3 hadi 5. Amplifaya iwekwe kwenye MC, au upate transfoma ya kupandisha. Usiijaribu koili kwa mita ya fundi, mkondo wa mita unaweza kuidhuru.

Mpira mpya unakaza mwanzoni. Saa 20 hadi 50 za kwanza, tumia santuri safi lakini za kawaida.

## Mambo ya pembeni

Nina sahani za 78. Nitumie ncha ileile?

Usitumie. Mfuo wa 78 ni mpana, unataka ncha ya maikroni 65 hadi 76. Ya santuri za kisasa ni kama 18, nayo inazama na kukokota kwenye sakafu ya mfuo, kwenye uchafu wote. Sahani za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, ni za aina hii. Usizisafishe kwa spiriti, inayeyusha sheleki, ile gundi ngumu zilizotengenezwa nayo.

Na gramafoni ya kupiga kwa mkono, ya tarumbeta?

Hiyo ina sindano ya chuma, nayo ni ya upande mmoja. Ukimaliza upande, tupa, weka nyingine. Chuma kinalika haraka ili sahani isilike, na kukirudia ni kuchonga sahani kwa patasi. Kichwa chake kina uzito wa zaidi ya gramu 100, kwa hiyo santuri ya plastiki usiiguse nayo hata mara moja.

Kijiti kimepinda. Nikinyooshe?

Cha alumini kikipinda mara moja kimechoka pale pale, ukikinyoosha kinakatika. Kitume kilivyo. Fundi anaweza kukata pale na kufanya kazi ya pili iliyotajwa mwanzoni. Kikiwa kimekatika, na kipande chenye almasi kimeonekana, kibandike kwenye selotepu, ukitume pia.